Legacy BP5 kama gari ya kila siku: kuichagua, kuikagua na kuitunza

BP5 safi mara nyingi haiko kwa kijana anayejua vizuri anauza nini. Iko kwa mzee fulani wa kanisa, ama mwalimu mama huko Nakuru, mtu alinunua "Subaru wagoni" juu buti ilikuwa kubwa, akaipeleka sevisi vile aliambiwa na hajawahi kujua chini ya boneti kuna hosipawa 260. Hilo lishike kabla hata hujaanza kuuliza bei: tafuta gari iliyoishi maisha ya kuboesha.

Kwa wenye hawajui tunaongelea gani, ni Subaru Legacy Touring Wagon ya 2003 hadi 2009. Ilitoka Japani Mei 2003 na msimu huo ikabeba taji la gari ya mwaka huko kwao. BP ni wagoni, BL ni saluni, na ile namba ya mwisho inakuambia injini: 5 ni lita 2.0, 9 ni 2.5, na E ni ile ya silinda sita lita 3.0. Sasa shida ni kwamba BP5 si gari moja. Kuna 2.0i ambayo haina turbo, hosipawa 140, otomatiki ya gia nne, gari mpole kabisa. Kuna 2.0R, bado haina turbo lakini injini yake ni ya kamu nne (zile shafti za kufungua valvu) na inapumua vizuri zaidi. Halafu kuna GT, turbo, 260 kwa otomatiki ya gia tano na 280 kwa manyuali. Juu ya hapo kuna spec.B yenye shokapu za Bilstein. Zote kwa picha zinafanana, na wauzaji wanajua zinafanana.

Ushauri wangu: ka unaenda kazi kila siku kwa jam ya Thika Road ama Mombasa Road, na wikendi ndio unatoka mji, chukua GT otomatiki ambayo haijaguswa, ama 2.0R ka roho yako inaogopa turbo. 2.0i ni gari ya heshima lakini ukipakia watu watano na mizigo halafu upande Mai Mahiu na nyuma yako kuna basi inakusukuma, utajua hujui. 3.0R ni tamu, ile sauti na ule ulaini, mimi mwenyewe nikiiona nageuka, lakini kwa jam inabugia mafuta na spea zake si kila duka iko nazo. Manyuali ya GT ni ndoto ya kila mtu na ndio maana zilizobaki nyingi zimechapwa sana.

Mtu atauliza mbona si Impreza WRX wagoni. Ni gari nzuri, iko karibu zaidi na zile Colin McRae alishinda nazo Safari Rally 1997 na Richard Burns 2000, lakini buti ni ndogo, nyuma watoto wakikua wanalalamika, na kupata moja ambayo haikuendeshwa na mtu anayejiona ni Burns ni kazi. Toyota Caldina GT-Four pia iko, turbo na inavuta magurudumu yote, hosipawa 260 kama hii, ila ni chache. Subaru Levorg ndio mjukuu halali wa hii gari, ile ya 1.6 inakunywa petroli ya kawaida na injini ni ya cheni badala ya belti, lakini hiyo bado ni bei ya kuagiza Japani na hapa tunaongea pesa isiyofika milioni.

Na hiyo bei ya chini ina sababu. Kenya huwezi kuagiza gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na hii ilikwisha kutengenezwa 2009, kwa hivyo BP5 zote ziko hapa zilifika kabla 2017 kuisha, na zote zimekula barabara zetu miaka mingi. Hapo kuna kitu unaweza kutumia. Namba zake zinafaa kuwa KA za mwisho, KB, ama KC za mwanzo. Ukiona BP5 yenye namba ya KD usikimbie lakini uliza maswali, gari imefikaje hapa na makaratasi yanasemaje. Ukiona pia odometa inasoma elfu tisini kwa gari ya 2005, cheka kidogo halafu uangalie usukani umeng'aa aje, raba ya pedali ya breki imelika aje na kiti cha dereva kimelala upande gani, hivyo vitu vinasema ukweli kushinda dashibodi. Ndugu zetu wa Tanzania nyinyi bado mnaweza kuagiza ya zamani, ila ikishapita miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu juu ya ule mwingine, piga hesabu kabla hujatuma pesa.

Makaratasi kabla ya barabara

Fanya motor vehicle search kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kabla hata hujapanda matatu kwenda kuiona, utajua mwenyewe ni nani na kama benki ama saco bado imeshikilia. Halafu beba tochi. Injini namba iko nyuma ya injini pale inapokutana na giaboksi, ilinganishe na ile ya logbuku. Hii si urasimu. Injini za hizi gari zimekufa nyingi na nyingi zimebadilishwa na injini za hafukati, yaani za nusu gari zilizokatwa, na kubadilishwa si dhambi, dhambi ni kubadilishwa kisirisiri bila NTSA, wale wa kusajili magari, kujua, juu siku yako ya kuuza ndio itakuwa shida yako.

Fungua boneti utafute kale kasahani ka modeli. Itaanza na BP5 halafu herufi: A, B na C ni za kabla ya 2006, D, E na F ni zile zilibadilishwa sura Mei 2006. Za baadaye GT zinakuja na SI-Drive, ile nobu ya kuchagua injini ivute aje: I ya upole, S ama S# za kasi. Ukiwa hapo hapo angalia kama kuna intakula (kile kipoza hewa ya turbo) imelala juu ya injini, juu skupu, lile tundu la hewa la boneti, peke yake si ushahidi wa turbo, hii Nairobi skupu inanunuliwa na kubandikwa.

Kuikagua

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Akikuambia "nimeipasha kidogo tu" gusa injini, ikiwa ya moto rudi kesho. Injini ya Subaru inaongea ikiwa baridi. Ukiwasha utasikia kasauti ka tak-tak kanakoisha dakika moja mbili injini ikipata joto, hiyo ni pistoni tu, wengi wanaishi nayo miaka. Lakini ukisikia mlio mzito wa chini, unaongezeka ukikanyaga kidogo na hauishi injini ikipata moto, hiyo ni bearing ya konrodi inaondoka na hapo hakuna cha kupunguziana bei, unaenda nyumbani.

Angalia moshi. Mtu wako asimame nyuma, wewe iendeshe, kisha achilia mafuta halafu ukanyage tena. Moshi wa bluu ni oili, labda turbo, labda ringi. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji yanaingia ndani ya silinda, hiyo ni gasketi ya hedi. Gasketi inajulikana zaidi kwa zile 2.5 za kamu moja kwa kila hedi lakini usidhani 2.0 imeokoka, ikichemshwa mara moja vizuri inaenda tu. Fungua ile chupa ya kulant ikiwa baridi uangalie kama kuna mafuta mafuta ama matope ya kahawia. Iache ikirindima dakika ishirini na AC imewashwa, geji ya joto isimame mahali pamoja, feni zije na zizime. Na kama ndani ya rejeta ni maji ya mfereji yenye kutu badala ya kulant, umeshajua ilivyotunzwa.

Halafu kuna testi moja ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi na ndio inaokoa pesa nyingi. Ipeleke kwa parking tupu ya lami, kata kona usukani wote hadi mwisho, halafu izungushe polepole bila kukanyaga mafuta. Inafaa izunguke kwa ulaini. Ikisita, ikitetemeka, ikijisikia kama handbreki imeshikwa, basi ile mitambo ya kugawa nguvu mbele na nyuma imeshika, na hiyo bili si ya kulipa na pesa ya chai. Fanya kulia na fanya kushoto.

Barabarani sikiliza kwa matuta. Bushi za nyuma za kontroli amu za mbele hupasuka, stelingi raki huvuja, stabilaiza linki hupiga kelele, hizo zote ni vitu vya kawaida na bei yake unakata kwa mazungumzo. Otomatiki ibadilishe gia bila kukupiga mgongoni. Lipa mtu mwenye skana asome kompyuta, na ukiambiwa taa ya injini "ni sensa tu", sawa, mwambie aibadilishe kwanza halafu mwonane.

Kuhusu gari zilizotiuniwa sina siasa. Ka imewekwa bomba kubwa la nyuma, valvu ya kupiga fyuu na "imepigwa tiuni na jamaa fulani", hata ikiwa safi kama yai, pita. Pengine jamaa alifanya kazi safi. Huwezi kujua, na wewe unataka kufika kazini Jumatatu.

Wiki ya kwanza baada ya kununua

Usiamini stika ya sevisi hata kama ni ya jana. Badilisha oili na filta, plagi, filta ya hewa, oili ya giaboksi, oili ya difu ya nyuma na ya mbele, kulant na breki fluidi. Kaa hapo fundi akifanya, na hii nasema kwa sababu maalum: chini ya Subaru otomatiki kuna nati za kumwaga zaidi ya moja na ziko karibu karibu, ya injini, ya giaboksi na ya difu ya mbele. Fundi wa haraka asiyezijua anamwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, halafu anaongeza oili mpya juu ya ile ya zamani, unaondoka na giaboksi kavu na injini imejaa hadi shingo.

Timing belti ni kila kilomita 100,000, na kama hakuna risiti ya kushika mkononi hesabu kama haijawahi kubadilishwa. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini imeisha. Ukifungua hapo badilisha na tenshona, zile rola zote hasa ile yenye meno, na wota pampu, kwa sababu pampu inazungushwa na hiyo hiyo belti na kazi ya kufungua ni ile ile. Watu wanabadilisha belti peke yake kuokoa elfu kadhaa, halafu rola ya miaka kumi na tano inavunjika na kubeba belti mpya.

Kwa GT kuna kitu kidogo kinachoua turbo kimya kimya. Bomba la oili linaloenda turbo limefungwa na bolti yenye tundu, na ndani ya hiyo bolti kuna kachujio ka waya. Oili ikichelewa kubadilishwa tope linaziba hapo, turbo inakosa oili, na bearing zake zinakwisha. Kasafishwe ama kabadilishwe wiki hiyo ya kwanza. Ni kazi ndogo.

Plagi ziko ubavuni mwa injini, zimetazama kando, na kwa GT fundi atatoa betri na vitu vingine ndio afike. Kwa hivyo akikuambia bei ya juu kuliko ya Toyota hakuibii, mpe pesa yake na weka iridiamu ili usirudi hapo karibuni.

Baada ya hapo oili ni kila kilomita 5,000, si 10,000, kwa sababu masaa unakaa kwa jam injini ikirindima hayaonekani kwa odometa. Chomoa dipstiki kila Jumamosi. Turbo ya umri huu ikinywa kidogo katikati ya sevisi si ajabu, ajabu ni mwenye gari kungoja taa ya oili iwake, hiyo taa ikiwaka mara nyingi umeshachelewa. Oili inunue mahali unapaamini, feki ziko kila mahali.

Tairi, na hapa nisikilize

Hii gari inavuta magurudumu yote manne wakati wote. GT ya otomatiki inagawa nguvu asilimia 45 mbele na 55 nyuma, kisha inabadilisha kulingana na mshiko. Sasa ukiweka tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, zile mpya ni kubwa kidogo kwa mzunguko, kwa hivyo mbele na nyuma hazizunguki kasi moja na mitambo ya katikati inapigana siku nzima ikidhani unateleza. Hapo ndipo ile shida ya kusita kwa kona inatoka.

Kwa hivyo tairi ni nne kwa wakati mmoja, aina moja, saizi moja. Najua inauma, 215/45 R17 nne kwa mpigo si pesa kidogo, na muuza tairi atakuambia "weka mbili tu boss, hizi zingine bado". Zikizidi kutofautiana milimita moja na nusu hivi ya meno, hizi zingine si bado. Zungusha mbele na nyuma kila sevisi ndio zilike pamoja, na presha iangaliwe kwa geji badala ya mateke. Ka pesa haitoshi, bora seti nzima ya eks-Japani iliyolingana kuliko mbili mpya za jina kubwa.

Panchari pia ina adabu yake. Ile spea tairi nyembamba ni ya kukufikisha kwa fundi wa karibu polepole, si ya kurudi nayo Nairobi kutoka Naivasha. Zile 2.0i za gia nne ziko na sehemu ya fyuzi chini ya boneti imeandikwa FWD, ukichomeka fyuzi hapo nguvu inabaki mbele peke yake hadi urudishe tairi ya kawaida. GT ya gia tano haina huo ujanja, kwa hivyo kwa GT mimi nabeba spea ya saizi kamili kwa buti na nanyamaza.

Petroli, matuta na matope

GT ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu ya Japani. Kompyuta itajaribu kujilinda ukiweka ya kawaida, itapunguza nguvu, lakini ukiikanyaga na mzigo kwa mlima injini inaweza kunoki (mafuta kulipuka kabla ya wakati) na pistoni za EJ, hii familia ya injini, hazipendi hiyo, zinapasuka pale ringi zinakaa. Weka V-Power ya Shell ama inayolingana nayo. Bajeti yake uifanye usiku wa tarehe 14 EPRA, wale wa kupanga bei ya mafuta, wakitangaza bei, na ikiwa hiyo hesabu inakutoa jasho basi 2.0i ndio gari yako, haina haja ya hayo. Mjini GT itakupa kilomita sita hadi nane kwa lita, na ukiiacha kwa I ya SI-Drive utakaa upande wa nane.

Asubuhi usiikanyage kabla oili haijapata joto. Geji inaonyesha joto la maji na oili inachelewa nyuma yake, kwa hivyo hata geji ikisimama katikati ipe dakika kadhaa. Jioni kilomita ya mwisho iendeshe kwa upole, inatosha, turbo taima (kile kifaa cha kuacha injini ikirindima baada ya kutoa ufunguo) si lazima.

Kwa matope ya udongo mweusi ya Kitengela hii gari inashangaza watu, lakini AWD (kuvuta magurudumu yote) haiinui tumbo. GT iko chini na matuta yetu yamejengwa na watu wenye hasira. Jua wheelbase (umbali wa tairi za mbele na za nyuma) ni ndefu, pita matuta kimshazari. Watu wanaweka spesa kuinua, na inchi moja inavumilika, lakini zaidi ya hapo CV jointi (viungo vya shafti za magurudumu) zinakaa kwa pembe mbaya na raba zinazozifunika zinapasuka, halafu na ule utamu wa kukata kona ulionunulia gari unaupoteza. Ka barabara ya kwenu ni mawe mwaka mzima basi nunua Outback, ni gari ile ile iliyoinuliwa na kiwanda.

AWD pia haisaidii kusimama. Breki ni za magurudumu manne kwa kila gari. Mvua ya kwanza ya Machi kwa Southern Bypass huwa inafundisha wenye Subaru hivyo kila mwaka.

Vitu vidogo

Milango ya BP5 haina fremu juu ya kioo. Usifunge mlango ukishika kioo na wafundishe watoto pia, kikilegea upepo unapiga filimbi kuanzia kilomita 80 na mvua inaingia. Raba zake zipake silikoni mara moja moja.

Redio ya Japani inaishia 90 kwa hivyo stesheni nyingi za hapa hutazipata bila kigeuzi cha FM, na kwa kuwa redio na vidhibiti vya AC vimeungana kwa paneli moja, kuweka skrini mpya lazima ununue na ile fremu yake maalum. Uliza bei ya fremu kwanza ndio ununue skrini.

Bima, kampuni nyingi hazitaki kukupa komprehensivu kwa gari ya umri huu, utabaki na thadi pati, basi weka trakka na usiiache Ngara usiku. Spea za injini tafuta Kirinyaga Road, vitu vingi vya sevisi vinaingiliana na Forester za wakati huo ndio maana si ngumu kupata, ila enda na kipande cha zamani mkononi na namba ya chesisi kwa simu, juu ukisema tu "ya Subaru" utauziwa ya Subaru yoyote.